Baba Illmatic

Jumanne ya tarehe 11 Septemba 2001 ndiyo siku albamu ya sita ya Jay-Z, The Blueprint, ilipoingia madukani. Mchana wake New York ilikuwa imefunikwa na vumbi la minara miwili iliyoanguka, na hapakuwa na mtu wa kuulizia muziki. Hata hivyo, ndani ya wiki moja nakala zaidi ya 420,000 zilikuwa zimenunuliwa, na waliofika kwenye wimbo wa pili walikutana na kitu ambacho si kawaida katika mashairi ya matusi: hesabu ya darasani.

Wimbo wenyewe unaitwa "Takeover". Humo Jay-Z anampigia rapa mwenzake Nas mahesabu kama mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu. Albamu nne kwa miaka kumi, anasema. Mbili takataka, moja hivi hivi tu, na iliyobaki ni Illmatic. Ukigawanya, jamaa anatoa albamu moja kali kila baada ya miaka kumi.

Hesabu ilikuwa na walakini. Illmatic, albamu ya kwanza ya Nas, ilitoka Aprili 1994, kwa hiyo hadi Septemba 2001 ilikuwa imepita miaka saba na ushee. Kumi inapatikana tu ukianzia 1991, pale Nas, kijana wa miaka 17, aliposikika kwa mara ya kwanza kwenye "Live at the Barbeque" ya kundi la Main Source. Lakini walakini huo haukumsumbua mtu. Kilichowakaa watu kichwani ni kwamba Jay-Z alikuja kubomoa nyumba nzima, akafika kwenye chumba kimoja, akakizunguka. Illmatic hakuigusa. Hakuna aliyebishana tena kama Nas anajua kuchana. Swali likawa kama amewahi kutoa kitu chochote cha maana baada ya kile cha kwanza.

Kwa Waswahili hali hii haihitaji maelezo marefu. Mtu akipata mtoto wa kwanza, jina lake la kuzaliwa huanza kufifia; mtaani anakuwa Baba Asha au Mama Juma. Anaweza kuzaa wengine sita, mmoja akawa daktari na mwingine akajenga ghorofa, na bado majirani watamwita Baba Asha mpaka siku ya kumzika. Nas alizaa mapema, akiwa na miaka 20. Tangu hapo yeye ni Baba Illmatic, na ubishi juu ya albamu yake bora umekuwa ubishi wa wadogo zake mtoto huyo wakidai nao watajwe.

Jina lake kamili nalo lingesomeka bila taabu Mombasa au Unguja: Nasir bin Olu Dara Jones. Nasir mwana wa Olu Dara. Baba mtu alizaliwa Natchez, Mississippi, akaitwa Charles Jones III, na baadaye akachukua jina la Kiyoruba. Alikuwa mpigaji wa kornet, ile tarumbeta fupi, akizunguka na wanajazi wa New York. Mwanawe alizaliwa Brooklyn tarehe 14 Septemba 1973, na familia ikahamia Queensbridge, mtaa wa nyumba za serikali ulioko chini ya daraja linaloiunganisha Manhattan na Queens.

Queensbridge ni majengo 96 ya matofali, yenye makazi zaidi ya 3,000, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Hakuna mtaa mkubwa zaidi wa nyumba za umma katika Marekani nzima. Na ubishi wa hiphop ulikuwa umeota mizizi pale kabla Nas hajashika maikrofoni. Katikati ya miaka ya 1980 Roxanne Shanté, binti wa mtaa huohuo, alianzisha majibizano yaliyozaa nyimbo kwa makumi. Kisha MC Shan na mtayarishaji Marley Marl wakatoa "The Bridge", wimbo wa kuusifu mtaa wao. KRS-One wa Bronx akausikia kama madai kwamba hiphop ilizaliwa Queens, akajibu kwa "South Bronx", na mwaka 1987 akamalizia kwa "The Bridge Is Over". Nas alikuwa mtoto wa miaka 13 mtaa wake ulipotangazwa kuwa umekwisha. Kwa vijana waliokua chini ya lile daraja, rekodi nzuri ilikuwa pia njia ya kurudisha heshima ya nyumbani.

Shule aliiacha baada ya darasa la nane. Rafiki yake wa karibu, Willie Graham, aliyejulikana kama Ill Will, aliishi ghorofa ya juu ya kwao, na ndiye aliyekuwa na mashine za kuchezea santuri. Usiku mmoja wa Mei 1992 Will aliuawa kwa risasi hapohapo mtaani. Mdogo wake Nas, Jabari, alijeruhiwa katika tukio hilohilo lakini akapona. Jina la Will limo ndani ya Illmatic, na miaka baadaye Nas aliipa kampuni yake ya muziki jina hilo.

Kupata mkataba hakukuwa rahisi. MC Serch, aliyekuwa rapa wa kundi la 3rd Bass, ndiye aliyezungusha kanda ya majaribio ya Nas. Kwa masimulizi yake Serch, kampuni ya Def Jam iliikataa kwa hoja kwamba kijana alifanana mno na rapa Kool G Rap, na G Rap hakuwa akiingiza fedha. Serch akaenda Columbia, kwa Faith Newman, na huko mkataba ukapatikana. Mwaka 1992 wimbo "Halftime" ukatoka kwenye muziki wa filamu ya Zebrahead, na wapenzi wa mistari New York wakaanza kusubiri.

Albamu yenyewe iliundwa kwa namna ambayo haikuwa desturi. Siku zile rapa alikuwa na mtayarishaji wake mmoja au kundi lake, na albamu nzima ilipikwa jiko moja. Illmatic iliwaita mafundi wa majiko tofauti: DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip wa A Tribe Called Quest, na L.E.S. wa mtaani kwao. Kila mmoja alijua mwenzake analeta nini, kwa hiyo hakuna aliyekubali kuleta cha ovyo. Pete Rock alichukua vipande vya piano ya Ahmad Jamal na kuvizungusha. Large Professor alikwenda kwa Michael Jackson, kwenye "Human Nature". Q-Tip alitwaa kipande cha jazi cha Heath Brothers, na Nas akakiwekea barua za kuwasimulia rafiki zake walioko gerezani habari za nyumbani.

Namna "N.Y. State of Mind" ilivyorekodiwa imesimuliwa na DJ Premier mara nyingi. Ilikuwa D&D Studios, Manhattan. Biti ilikuwa tayari, nzito, na noti chache za piano zikijirudia. Nas amesimama kwenye kibanda na karatasi zake. Premier anamhesabia aingie. Sauti ya kwanza inayonaswa ni ya kijana anayenung'unika kwamba hajui aanzie wapi, halafu papo hapo anaanza na kuchana beti ndefu bila kusita hadi mwisho. Premier aliyaacha manung'uniko yale kwenye rekodi. Yapo hadi leo.

Mtu aliyelelewa kwenye mashairi ya Kiswahili anajua kina cha kati na kina cha mwisho, ukwapi na utao, kila kimoja mahali pake. Nas alifanya kama mtu aliyemwaga vina mkononi vikatapakaa mshororo mzima: kimoja mwanzoni, viwili katikati, kingine kikivuka hadi mshororo unaofuata, na maneno ya silabi tatu au nne yakiitikiana na sentensi isikatike. Picha nazo zilikuwa za karibu, za ngazi na dirisha la jengo, na watoto wanaokimbia risasi. Kwenye jalada aliweka picha yake mwenyewe akiwa na miaka saba, iliyopigwa na baba yake, ikaunganishwa na picha ya mtaa hadi majengo yakaonekana kupita ndani ya uso wa mtoto.

Nyimbo kumi, ukihesabu na utangulizi. Dakika zisizofika 40.

Ilitoka tarehe 19 Aprili 1994. The Source, jarida ambalo wanafunzi wawili wa Harvard walilianzisha mwaka 1988 kama kipeperushi, na ambalo kufikia wakati ule lilikuwa limekuwa msahafu wa hiphop, liliipa maikrofoni tano, alama ya juu kabisa. Mhakiki alikuwa msichana mdogo kazini pale, Minya Oh, aliyeandika kwa jina la Shortie. Mashabiki waliozoea kuona jarida hilo likibania alama walishtuka. Sokoni mambo yalikuwa mengine: wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 59,000, na albamu ikafika nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard, isipande zaidi. Nakala za wizi zilikuwa zimezagaa mitaani kabla ya siku ya kutoka. Cheti cha dhahabu, yaani nakala 500,000, kilikuja Januari 1996, karibu miaka miwili baadaye.

Hapo ndipo mbegu ya mjadala ilipopandwa. Nas alikuwa na sifa zote na fedha kidogo. Msanii gani angekubali kubaki hivyo?

Albamu ya pili, It Was Written, ilitoka tarehe 2 Julai 1996. Wiki moja kabla yake, tarehe 25 Juni, rapa mmoja wa Brooklyn ambaye hakuna kampuni kubwa iliyomtaka alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza, Reasonable Doubt. Huyo ndiye Jay-Z, na kiitikio cha wimbo wake "Dead Presidents" kilikuwa sauti ya Nas iliyokatwa kutoka Illmatic. Wakati ule hakuna aliyewapanga kwenye mizani moja. It Was Written ilikwenda moja kwa moja hadi namba moja Marekani ikakaa huko wiki nne, na Reasonable Doubt ikauzwa kwa wachache.

Sehemu kubwa ya It Was Written ilishikwa na Trackmasters, watayarishaji waliojua kutengeneza wimbo wa redio. Walichukua kiunzi cha "Sweet Dreams" cha Eurythmics. Wakamleta Lauryn Hill kuimba kiitikio cha "If I Ruled the World", kilichotokana na wimbo wa zamani wa Kurtis Blow. Nas mwenyewe alivaa suti na kujiita Escobar, akisimulia mambo ya mabosi wa dawa za kulevya badala ya kijana aliyekaa dirishani. Waliompenda kwa Illmatic walisema amejiuza. The Source walimpa maikrofoni nne, alama ambayo wasanii wengi wangeifanyia sherehe. Kwake ilikuwa kama kushushwa cheo.

Miaka imeitendea haki albamu hiyo. "I Gave You Power", wimbo ambao Nas anazungumza kama bunduki iliyochoka kuua, sasa unatajwa na wengi miongoni mwa hadithi bora zilizowahi kuchanwa, na biti yake ni ya DJ Premier yuleyule. Waliokuwa shule ya msingi mwaka 1996 hawakuwahi kusikia kwamba Nas amejiuza. Kwao huyu ndiye Nas wa kwanza waliyemjua. Lupe Fiasco wa Chicago ni mmoja wa marapa waliosema hadharani kwamba wanaiweka juu ya Illmatic. Kwa hiyo hata neno "bora" lilianza kutegemea mtu alikuwa darasa la ngapi.

Mwaka 1998 Nas alikuwa akiandaa albamu ya tatu ya diski mbili, simulizi ya maisha yake tangu tumboni mwa mama hadi mautini. Nyimbo zikavuja. Safari hii hazikuvuja kwa kanda za mitaani peke yake. Zilisafiri kama faili za MP3, teknolojia ambayo makampuni ya muziki yalikuwa bado hayajui yaikamate wapi. Mpango mzima ukavunjwa. Nyimbo kadhaa nzuri zikatupwa, nyingine zikarekodiwa kujaza nafasi, na Aprili 1999 ikatoka I Am..., diski moja badala ya mbili. Iliuzwa nakala 470,000 kwa wiki moja. Novemba mwaka huohuo ikafuata Nastradamus, iliyopikwa harakaharaka, na mpaka leo ukimkuta shabiki anayeitetea hiyo, mnunulie chai maana ni adimu.

Hizo mbili ndizo takataka za hesabu ya Jay-Z. Anayezisikiliza I Am... na Nastradamus leo anasikia pia pengo la zile zilizovuja. Mwaka 2002 Columbia ilikusanya baadhi ya nyimbo zilizotupwa, pamoja na mabaki ya kipindi kilichofuata, ikazitoa kama The Lost Tapes, bila video na bila kelele. Wapo wazee wa kazi wanaoapa kwamba hiyo ndiyo albamu ya pili kwa ubora katika kazi yake yote. Ni dai zito: mkusanyiko wa makombo kuizidi karamu.

Turudi 2001. Baada ya hesabu ya "Takeover", Nas alikaa kimya kwa muda wa kutosha watu kuanza kusema amekwisha. Mama yake, Fannie Ann Jones, alikuwa mgonjwa wa saratani. Mwezi Desemba jibu likatoka, "Ether", na tarehe 18 ya mwezi huo ikafuata albamu Stillmatic. Jina lenyewe lilikuwa hoja: mwenye Illmatic bado yupo. Jay-Z alijibu kwa "Super Ugly", wimbo mchafu kiasi kwamba mama yake mzazi alimwambia akaombe radhi, naye akaenda redioni akaomba. Kituo cha Hot 97 kiliwaachia wasikilizaji wapige kura, na "Ether" ikashinda. Jina la wimbo likageuka kitenzi katika Kiingereza cha mtaani: kumfanyia mtu "ether" ni kumchana hadi asiwe na la kujibu.

Lakini ubora wa Stillmatic haukuwa ugomvi. Ulikuwa "One Mic", wimbo unaoanza kwa kunong'ona, ukapanda taratibu hadi kupiga kelele, ukashuka tena. Ulikuwa pia "Rewind", hadithi iliyosimuliwa kinyumenyume: risasi inarudi kwenye mtutu, maneno yanarudi mdomoni, na msikilizaji anafika mwanzo mwishoni. The Source walirudisha maikrofoni tano. Mwezi huohuo wa Desemba 2001 Illmatic ikapewa cheti cha platinamu, nakala milioni moja, miaka saba na nusu baada ya kutoka. Ugomvi uliwarudisha watu dukani kumtafuta mtoto wa kwanza.

Mama alifariki Aprili 2002. Desemba ikatoka God's Son, albamu ya msiba na ya kurudi kwenye uhai kwa wakati mmoja. "Dance" ni ombi la mtoto apate kucheza na mama yake mara moja tena. "Made You Look", iliyotengenezwa na Salaam Remi, inapiga kwa ngoma za "Apache", wimbo uleule wa Incredible Bongo Band ambao madijei wa Bronx waliuchezesha tangu hiphop ikiwa changa. Mwaka 2004 ikaja diski mbili, Street's Disciple, na humo Olu Dara akaimba na mwanawe. Oktoba 2005 Jay-Z alimwita Nas jukwaani huko New Jersey mbele ya maelfu, wakashikana mikono, na mwaka uliofuata Nas akawa msanii wa Def Jam. Kampuni iliyomkataa alipokuwa mtoto wa mtaani sasa ilikuwa chini ya urais wa mtu aliyempigia hesabu.

Albamu aliyoitoa huko, Hip Hop Is Dead, ilizua ubishi wa kila namna isipokuwa wa kama ndiyo bora. Distant Relatives ya 2010, aliyoifanya na Damian Marley, kwa kawaida haiingizwi kwenye mizani kwa sababu ni ya wawili. Ni hasara, maana hiyo ndiyo iliyotazama Afrika zaidi kuliko nyingine zote: inafunguliwa kwa kipande cha Mulatu Astatke wa Ethiopia, inakata kipande cha Amadou na Mariam wa Mali, na ndani yake yumo K'naan aliyezaliwa Mogadishu.

Iliyobadilisha mjadala kweli ni Life Is Good ya Julai 2012. Nas alikuwa anakaribia miaka 39, ametoka kwenye talaka na mwimbaji Kelis. Jalada linamwonyesha ameketi kwenye sofa, suti nyeupe, na gauni la kijani limelazwa gotini. Ni gauni la harusi la mkewe, na inasemekana ndicho kitu pekee alichokiacha nyumbani. Humo ndani kuna wimbo kuhusu binti yake anayekua haraka kuliko baba anavyotaka, na mwingine wa kumuaga mke bila kumtukana. Hiphop ilikuwa mchezo wa vijana. Hakuna aliyekuwa na uhakika mwanamume mwenye mvi ndevuni aseme nini kwenye biti. Hapa akasema habari za matunzo ya mtoto na makosa yake mwenyewe. Mashabiki waliokuwa na miaka 20 mwaka 1994 nao walikuwa na watoto na talaka zao, na kwa mara ya kwanza wengi wao walikiri kwamba wanaisikiliza hii zaidi ya ile.

Wakati huohuo Illmatic ilikuwa inapandishwa vyeo. Mwaka 2013 Harvard, pale pale The Source ilipozaliwa bwenini, ilitangaza ufadhili wa wasomi wa hiphop uliopewa jina la Nasir Jones. Machi 2014, albamu ikitimiza miaka 20, aliichana yote katika Kennedy Center, Washington, nyuma yake ikiwa National Symphony Orchestra na wapiga fidla waliovaa suti nyeusi. Mwezi uliofuata filamu ya kumbukumbu kuihusu ilifungua tamasha la Tribeca. Albamu iliyokuwa na hofu ya kuibwa mitaani ikawa mali ya taifa. Hapo mjadala ulielekea kufa. Nani abishane na orkestra?

Ulifufuliwa na mtu ambaye Illmatic ilipotoka alikuwa na miaka sita. Hit-Boy, mtayarishaji wa California, alizaliwa Mei 1987. Baada ya Nasir ya 2018, nyimbo saba chini ya Kanye West zilizopokelewa kwa vuguvugu, Nas alijifungia na Hit-Boy, na kwa kufanya hivyo akaacha njia aliyoizindua mwenyewe mwaka 1994 ya kuokoteza biti kwa mafundi mbalimbali. Lawama kubwa ambayo mashabiki walikuwa wakimpa kwa miaka mingi ni kwamba anachana vizuri juu ya biti mbovu. Jiko moja liliondoa lawama hiyo. King's Disease ilitoka Agosti 2020, ya pili Agosti 2021, Magic siku za Krismasi mwaka huohuo, na King's Disease III Novemba 2022, ambamo hakumwalika rapa hata mmoja. Magic 2 ilifuata Julai 2023, na Magic 3 tarehe 14 Septemba 2023, siku aliyotimiza miaka 50.

Albamu sita kwa miaka mitatu na ushee. Ukizipitisha kwenye kikokotoo cha "Takeover", wastani unamkimbia hata Jay-Z.

Kwa ubora, wengi wanaitaja King's Disease III kama kilele cha zile sita, na wapo vijana wanaoipandisha hadi nafasi ya pili au ya tatu ya kazi yake nzima. Mzee wa 1994 akisikia hivyo hucheka. Lakini kijana naye ana hoja: Illmatic ni dakika 40 za mtu ambaye hakuwa amepata muda wa kukosea, na kufanya vizuri kwenye umri wa miaka 49, baada ya albamu mbaya, mazishi na talaka, ni kazi ya aina nyingine. Mzee atajibu kwamba mafundi wa sasa hawajatengeneza kitu kama ile biti ya piano ya Premier. Kijana atauliza mara ya mwisho mzee kuisikiliza albamu mpya hadi mwisho ilikuwa lini.

Machi 2021 ubishi huu uliletewa hukumu mbili, na zikapishana kwa siku kumi. Tarehe 14 King's Disease ilishinda Grammy ya albamu bora ya rap, tuzo ya kwanza ya Grammy katika maisha ya Nas baada ya kuteuliwa zaidi ya mara kumi na kurudi mikono mitupu. Illmatic haikuwahi hata kuteuliwa. Tarehe 24 Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza rekodi 25 za kuhifadhiwa daima kwa ajili ya taifa, na miongoni mwake ilikuwamo Illmatic. Kitinda mimba alipewa kombe, mtoto wa kwanza akaandikwa kwenye daftari la ukoo.

Katika wimbo wa tatu wa Illmatic, Nas na rafiki yake AZ wakishamaliza beti zao, biti haikatiki. Inaingia kornet, laini, ya mtu asiye na haraka, ikapiga hadi wimbo unapozama. Ni Olu Dara. Alikuwa amepiga kwenye rekodi za watu wengine kwa miaka mingi, na alikuwa hajatoa albamu yenye jina lake hata moja. Ya kwanza aliitoa mwaka 1998, akiwa na miaka 57, na mwanawe akaja kumsindikiza kwenye wimbo mmoja. Dukani wanunuzi wengi waliigeuza, wakatazama picha ya mzee kwenye jalada, na wakaelewana haraka huyu ni nani: ni baba yake Nas.